Ijumaa Ijayo ni Ijumaa Gani?

Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, ni mahali ambapo watu wengi hupanga maisha kwa kitu ambacho bado hakijafika. Mvuvi wa dagaa anahesabu siku zilizobaki kabla mbalamwezi haijaisha, ili aingie ziwani giza lijalo. Mkulima wa mpunga anaulizia mbolea ya msimu ujao. Mama muuza vitenge anataka kujua boti ijayo ya kwenda Moba, ng'ambo upande wa Kongo, inaondoka lini, na dereva wa lori aliyetoka Mpanda anauliza kama barabara itapitika masika yajayo. Ukikaa kutwa moja pale mwaloni utayasikia maneno haya tangu asubuhi mpaka jioni: ujao, ijayo, lijalo, zijazo.

Mdomoni hayana tabu. Mtu akikwambia "tuonane Ijumaa ijayo" nawe hukumwelewa, unamuuliza papo hapo, anakujibu. Tabu huanza maneno hayo yanapoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, au yanapotumwa kwenye simu za watu 200. Karatasi haiulizwi. Aliyeiandika ameshaondoka, na siku aliyoiandika imeshapita. Nawaandikia watendaji wa vijiji, makatibu wa vikundi vya wavuvi na vikoba, walimu, wahudumu wa zahanati, makarani wa boti na vijana wanaosimamia makundi ya WhatsApp. Ninyi ndio mnaowapangia watu siku zao, na wengi wenu hamjaambiwa kwamba kazi hiyo ina ufundi wake.

Tuchukue tangazo la aina tuliyoizoea: "Wavuvi wote mnatangaziwa kuwa kutakuwa na mkutano Ijumaa ijayo saa 3. Kukosa bila taarifa ni kosa." Tuseme liliandikwa Jumatano, tarehe 19 Agosti 2026. Je, Ijumaa ijayo ni ile ya tarehe 21, yaani kesho kutwa yake, au ya tarehe 28? Wapo wanaosema Ijumaa ya wiki hiyohiyo inaitwa "Ijumaa hii", kwa hiyo ijayo ni ya wiki ya pili. Wapo wanaosema Ijumaa yoyote ambayo haijafika ndiyo ijayo, na ya kwanza kufika ni ya tarehe 21. Wote ni Waswahili safi na wote wana hoja. Kamusi haitawaamua, maana kila mmoja anasema kama alivyozoea kwao.

Sasa mfikirie anayelisoma Jumapili, tarehe 23. Tangazo halina tarehe ya kuandikwa. Kwake yeye Ijumaa ijayo inaweza kuwa ya tarehe 28, au mkutano ulishafanyika juzi na ameshatenda kosa. Yule aliyetoka kijiji cha jirani kwa bodaboda akakuta ofisi imefungwa amepoteza nauli na siku ya kazi, na mara ya pili hatakuja. Viongozi hulalamika kwamba wananchi hawahudhurii mikutano. Wakati mwingine mwitikio mdogo unaanzia kwenye mstari mmoja wa tangazo.

Tuliandike upya: "Mkutano wa wavuvi wote wa mwalo wetu utafanyika Ijumaa, tarehe 28 Agosti 2026, saa 3:00 asubuhi, kwenye ofisi ya kijiji. Tangazo hili limetolewa leo Jumatano, tarehe 19 Agosti 2026." Neno ijayo limetoka na hakuna aliyelikosa. Tena aliyechagua tarehe hiyo angekuwa amefikiri vizuri, kwa sababu usiku wa tarehe 28 mwezi ni mpevu. Dagaa hufuata taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ndio wakati wavuvi wako nchi kavu wakishona nyavu, na asubuhi hawajatoka kukesha majini. Ungewaita tarehe 14, mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama, ungepata watu wanaosinzia au usiwapate kabisa.

Simaanishi kwamba neno ijayo ni baya. Ni zuri na linatumika kila mahali. Ila lifahamike linavyofanya kazi: hupima kuanzia pale msemaji alipo. Wiki ijayo ni wiki inayoanza baada ya hii niliyomo mimi ninayesema. Ukihama, nayo inahama. Ndiyo sababu ujumbe wa simu unaosema "kesho kuna chanjo ya watoto" huzunguka kwenye makundi kwa siku 4, na kila unapofika kesho inazaliwa upya. Ukiandika kesho, wiki ijayo au mwezi ujao, weka tarehe pembeni yake: "wiki ijayo, Jumanne tarehe 25 Agosti". Hapo neno linampa msomaji hisia ya ukaribu, na tarehe inampa uhakika.

Kadi za kliniki zimelitatua jambo hili kwa njia nyepesi kabisa. Hazimwambii mama arudi mwezi ujao. Zina nafasi ya tarehe ya kurudi, muuguzi anaijaza, na mama akifika nyumbani hata asiyejua kusoma vizuri anamwonyesha mtoto wa shule, naye anamsomea. Makatibu wa vikundi wangeiga hilo katika daftari zao za mikopo. "Atalipa mwezi ujao" ni maneno ya ugomvi. "Atalipa tarehe 30 Septemba" ni deni.

Sasa sarufi, ambayo nitaigusa pale tu inapoumiza. Neno ijayo hufuata jina linalolieleza, na linabadilika kwa ngeli yake. Mwaka ujao, miaka ijayo. Mkutano ujao, mikutano ijayo. Kikao kijacho, vikao vijavyo. Kizazi kijacho, vizazi vijavyo. Giza lijalo, tamasha lijalo, mambo yajayo, maisha yajayo. Wiki ijayo na safari ijayo, lakini zikiwa nyingi ni wiki zijazo na safari zijazo. Hapa ndipo wengi huteleza: wanaandika "wiki mbili ijayo", kumbe ni wiki mbili zijazo. Huandika pia "kikao ijayo", kana kwamba neno hili ni nati moja ya kila bolti. Mtu naye ana umbo lake: mgeni ajaye, wageni wajao. Barua ya ofisi yenye "kikao ijayo" itaeleweka, lakini mwanafunzi akiiona kwenye ubao wa matangazo wa shule atajua kwamba hata wakubwa hawajali, naye ataacha kujali.

Kuna kosa jingine linalopita kimyakimya kwa sababu ngeli zake ziko sawa. Mtu anasimulia jambo lililokwisha: "Mzee alilazwa Jumatatu, na wiki ijayo akapata nafuu." Hapana. Ijayo inahesabiwa kuanzia leo, na hadithi iko zamani. Sema "wiki iliyofuata akapata nafuu". Kama unapanga mambo ya mbele kwa hatua, sema "inayofuata": "Tutapanda mbegu wiki ya kwanza ya Desemba, na wiki inayofuata tutaanza kuzibia mashimo." Mwandishi wa muhtasari wa kikao anapaswa kulishika hili barabara. Muhtasari husomwa miezi mingi baadaye, na "kikao kijacho" ndani yake kinaweza kuwa kilishafanyika mara 3. Andika namba au tarehe ya kikao hicho.

Mwaka nao una milango kadhaa. Mwalimu akisema mwaka ujao anafikiria Januari, shule zinapofungua. Mhasibu wa halmashauri akisema mwaka ujao wa fedha anafikiria tarehe 1 Julai. Mkulima wa Katavi akisema msimu ujao anafikiria mvua zinazoanza karibu na Novemba na kumalizika Aprili. Ofisa akiwaambia wanakijiji mwezi Mei kwamba kisima kitachimbwa "mwaka ujao wa fedha", yeye anazungumzia kuanzia miezi 2 mbele hadi Juni ya mwaka wa pili. Wao wanasikia mwaka ujao, wanangoja Januari. Januari ikifika bila kisima wanaanza kunong'ona kuhusu fedha, hata kama hakuna aliyekula senti. Aseme: "kati ya Julai mwaka huu na Juni mwaka kesho". Msimu wa kilimo pia uandikwe kwa miaka yake miwili, 2026/2027, kama wafanyavyo maofisa kilimo waangalifu.

Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Huo ulikuwa uamuzi mzito kwa watu ambao mlo wao na ada za watoto vinatoka majini, na yako mengi ya kujadiliwa juu yake. Lakini kwa upande wa lugha ulikuwa na kitu ninachokitetea hapa: tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Mwenye chombo cha uvuvi aliweza kuhesabu. Alijua ni lini apandishe mtumbwi mchangani, kiasi gani cha dagaa wakavu aweke akiba, na ni lini awaite tena vijana wake. Tangazo lingesema tu kwamba uvuvi utafungwa "miezi ijayo", kila mtu angekisia lake, na mwenye kukisia vibaya angekamatwa na nyavu zake.

Nije kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko upatanisho wa ngeli. Yapo mambo ambayo wakati wenyewe huyaleta: mwezi ujao utafika, giza lijalo litaingia, tupende tusipende. Na yapo mambo yanayoletwa na watu, kwa fedha, saini na jasho. Hayo yanaweza kuchelewa au yasije. Ukiyaita yote kwa neno moja umewaweka watu wakae wakingoja kitu kama wanavyongoja jua lichomoze.

Karema inalijua hili kwa mwili wake. Bandari mpya iliyogharimu takriban shilingi bilioni 48 ilikamilika mwaka 2022, ikiwa na shabaha ya mizigo ya Kongo kupitia Moba na Kalemie. Kabla ya hapo ilisemwa kwa miaka. Sasa inasemwa reli ya kisasa ya kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi Karema, na lami ya barabara ya kwenda Mpanda, njia ya zaidi ya kilomita 100. Hii ni mipango ya kweli na inafaa kuombewa na kudaiwa. Lakini mwandishi anayeandika "reli ijayo ya Karema" anafanya kazi moja, na anayeandika "reli iliyopangwa kufika Karema" anafanya kazi nyingine. Wa pili amemwachia msomaji nafasi ya kuuliza: imepangwa na nani, fedha zimetengwa, mkandarasi amesaini? Kijana anayetaka kukopa ajenge nyumba ya wageni karibu na stesheni ambayo bado ni mchoro anahitaji sana nafasi hiyo ya kuuliza.

Kiswahili kimetupa ngazi za kutosha, ni kuzitumia tu. Jambo likiwa wazo: linakusudiwa, linafikiriwa. Likiwa na mpango ulioandikwa: limepangwa. Likiwa limetamkwa na mwenye mamlaka: limeahidiwa. Likiwa na dalili za kutimia: linatarajiwa. Likiwa njiani: linakuja. Na tarehe ikishawekwa na kila kitu kiko tayari, sema litafanyika. Mtangazaji anayepanda na kushuka ngazi hizi kwa uaminifu atakuwa na heshima mbele ya watu hata habari ikiwa mbaya. Ukisoma kwamba meli "inatarajiwa" unajua la kufanya: unafunga mzigo lakini huuzi kitanda. Wazee wa mwambao huu waliozoea kuisubiri MV Liemba, meli iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 na kwa miongo mingi ikipitia Karema, walijua kutofautisha siku ya meli na saa ya meli. Siku waliiamini. Saa waliiacha mikononi mwa ziwa.

Ziwa lenyewe limewahi kuwafundisha wapangaji wakubwa. Mwaka 1879 Kapteni Cambier wa Ubelgiji alijenga kituo Karema, jirani na maji. Mwaka mmoja kabla yake, upande wa Kongo, Mto Lukuga ulikuwa umevunja kizuizi kilichoziba mlango wake, na maji ya ziwa yakawa yanashuka mwaka hata mwaka. Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo hicho mwaka 1885, na ufuko ukazidi kujitenga nacho. Miaka yetu hii, tangu mwaka 2020 hivi, mambo yamekuwa kinyume: maji yamepanda, yakameza nyumba na magati katika sehemu nyingi za mwambao. Mtu anayeandika leo kuhusu mahali pa soko jipya la samaki au mpaka wa kiwanja karibu na maji asiseme "ufuko utakuwa hapa". Aseme ufuko uko hapa mwaka huu, na jengo linakusudiwa kuwekwa umbali kadha kutoka hapo.

Saa nimeziweka nyuma makusudi ili nizieleze peke yake, kwa kuwa ndizo zinazowaachisha watu boti. Kwanza, tiketi nyingi zimechapwa 06:00, na msomaji wa Kiswahili akiona 6 anafikiria saa sita. Andika saa 12:00 asubuhi, au weka zote mbili. Pili, usiku. "Boti itaondoka usiku wa Jumamosi": kwa desturi ya wengi, hasa Waislamu na watu wa pwani, siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Jumamosi ni ule unaoanza Ijumaa jioni. Kwa wengine ni Jumamosi yenyewe baada ya chakula cha jioni. Redio zetu zilishapata dawa yake zamani: "usiku wa kuamkia Jumamosi". Tumia hiyo, kisha ongeza tarehe. Tatu, na hili linawahusu Karema kuliko miji mingi: saa za Moba na Kalemie ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Saa 2:00 asubuhi Karema ni saa 1:00 Moba. Tangazo la boti linalosomwa pande zote mbili za ziwa lisiache kusema "saa za Tanzania". Na ukizungumza na mteja wa ng'ambo usishangae akisema "yenye kuya" pale wewe unaposema ijayo. Mnaelewana kabisa, ila nyote wawili tajeni tarehe.

Walimu wa sekondari wataniuliza kuhusu Kiingereza, kwa sababu wanafunzi wao hulipenda sana neno upcoming, wanalisikia kwenye mpira na muziki. Wafundisheni mambo machache tu. Kwa Kiingereza neno hilo hukaa kabla ya jina: the upcoming meeting. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili atasema the meeting upcoming, kwa sababu kwetu sifa hufuata nyuma. Hutumika kwa tukio lililo karibu na linalojulikana, kama mtihani, mechi au kikao. Kwa mambo ya mbali yasiyo na siku, future ndilo linalofaa. Mpeni sentensi ya kazini aishike: The upcoming meeting will be held on Friday, 28 August, at 9 a.m. Na mwambieni kwamba hata Waingereza hubishana juu ya next Friday kama sisi tunavyobishana juu ya Ijumaa ijayo, kwa hiyo tarehe inawaokoa na wao.

Akirudi kwenye Kiswahili asibebe neno hilo zima zima. Mwanamuziki anayeanza ni msanii chipukizi. Ukimwita msanii ajaye watu watakwenda kumpokea stendi. Mchumba ni mume mtarajiwa au mke mtarajiwa, na mwenye mimba ya kwanza ni mama mtarajiwa. Mechi ni ijayo, kizazi ni kijacho. Kila jambo lina neno lake lililokwisha kuzoeleka, na mwanafunzi anayeyajua haya atafaulu Kiingereza bila kuvuruga lugha ya nyumbani.

Linabaki tangazo lililoharibika, maana mipango huvunjika. Upepo ukichafua ziwa, boti haiondoki. Mgeni rasmi akipata udhuru, mkutano unasogea. Wengi wetu hapo hunyamaza tukidhani watu watajionea wenyewe. Andika tangazo la pili siku hiyohiyo, lianze na lile la kwanza kwa tarehe yake: "Mkutano uliotangazwa kufanyika Ijumaa, tarehe 28 Agosti 2026, hautafanyika siku hiyo." Kisha taja tarehe mpya kama unayo. Kama huna, usiandike "utafanyika siku zijazo", maneno yanayomfanya mtu achungulie ubaoni kila siku bila faida. Andika siku utakayowapa jibu: "Tarehe mpya itatangazwa hapa Jumatatu, tarehe 31 Agosti." Jumatatu hiyo uwe pale na karatasi yako hata kama jibu ni kwamba bado. Lile la zamani libandue mwenyewe kwa mkono wako. Na kwenye WhatsApp, ambako hakuna cha kubandua, tuma la kufuta kwenye kila kundi ulikotuma la kwanza, si kwenye lile moja unaloliona juu ya simu.